SOMO LETU: Ufadhili wa Chuo Hutafutwa Mapema, na Hutafutwa Pamoja



Kila Januari matokeo ya KCSE yanapotangazwa, furaha na hofu huingia katika nyumba moja siku ile ile. Mtoto amepata alama za kwenda chuoni. Majirani wanapiga vigelegele. Usiku mama anaanza kuhesabu: karo, nauli, godoro, chakula. Kesho yake kila anayekutana naye anamwambia, "Si umtafutie skolashipu?" Lakini itafutwe wapi, na itafutwe vipi, hakuna anayemwambia. Mwisho wengi wetu husema, "Hizo ni za watu wanaojuana." Kijana anaingia mjengo, ati kwa mwaka mmoja tu, na mwaka huo unazaa mwingine.

Katika somo hili tunataka kusema jambo moja. Kujuana kupo, hatukatai. Lakini mara nyingi ufadhili hupotea kwa sababu ya mambo matatu ya kawaida kabisa: karatasi hazikuwa tayari, tarehe ilipita, na hakuna mtu aliyesimama kumshuhudia mtoto kwa maandishi. Mambo haya matatu hayahitaji mtu mkubwa. Kikundi cha watu 20 pale Kambi Moto, Madoya, Ghetto au Mahiira kinaweza kuyafanya.

Jambo hili lina historia

Mwaka 1959, kabla ya uhuru, vijana wengi wa Kenya walikuwa wamepata nafasi katika vyuo vya Marekani, na wengine walikuwa wamepata hata ufadhili wa karo. Walichokosa ni nauli. Tom Mboya, aliyekuwa mjumbe wa Nairobi katika Baraza la Kutunga Sheria, alikwenda Marekani kuwaombea. Watu mashuhuri kama Harry Belafonte, Jackie Robinson na Sidney Poitier walitia sahihi barua ya kuomba michango. Mwezi wa Septemba mwaka huo ndege ilibeba wanafunzi 81. Mwaka 1960 mfuko wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000, na safari zikaendelea. Miongoni mwa waliokwenda mwaka huo ni Wangari Maathai, ambaye mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Huku nyumbani jamaa na majirani walichanga pesa za nguo na za matumizi ya njiani.

Tunajifunza nini? Ufadhili ulikuwepo, lakini bila nauli ungebaki karatasi tu. Mfadhili wa mbali alitoa sehemu kubwa, na jirani wa karibu akaziba pengo. Mpaka leo mambo huenda hivyo hivyo.

1. Tujue tofauti ya misaada

Watu wengi huita kila msaada "skolashipu". Tuyatenganishe.

Ufadhili kamili, yaani skolashipu, hulipwa na mfadhili na haurudishwi. Hutolewa kwa kuangalia alama, au shida ya nyumbani, au yote mawili. Mara nyingi una masharti: mwanafunzi akianguka mitihani, unaweza kukatwa.

Basari ni msaada mdogo zaidi, wa kusaidia sehemu ya karo. Nayo hairudishwi. Kwa kawaida hundi huandikwa kwa jina la chuo, si la mzazi. Anayewaambia kwamba atawaletea basari yenu mkononi, mtilieni shaka.

Mkopo hurudishwa. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambayo sote tunaiita HELB, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995. Mkopo wake kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, ambayo ni nafuu sana kuliko ya wakopeshaji wa mtaani. Hata hivyo ni deni, na kijana aambiwe hivyo kabla hajatia sahihi.

Kazi za chuoni ni njia ya nne. Baadhi ya vyuo vikuu vya umma, kama Kenyatta, vina mpango wa wanafunzi wasiojiweza kufanya kazi chuoni na kulipwa. Mtoto akishafika chuoni, aulize katika ofisi ya mkuu wa wanafunzi. Asikae chumbani na njaa kwa kuona haya.

2. Msaada wa serikali hauji wenyewe

Mwaka 2023 serikali ilibadilisha namna ya kulipia masomo ya vyuo vikuu. Mwanafunzi aliyepangiwa chuo kikuu cha umma na KUCCPS hupewa sehemu kama ufadhili, sehemu kama mkopo, na sehemu inabaki kwa familia. Katika viwango vilivyotangazwa mwaka 2024 kulikuwa na makundi matano. Kundi la kwanza, la wenye shida zaidi, lilipata ufadhili wa asilimia 70 na mkopo wa asilimia 25, na familia ilipe asilimia 5. Kundi la tano lilipata ufadhili wa asilimia 30 na mkopo wa asilimia 30, na familia ilipe asilimia 40.

Tufanye hesabu. Tuseme masomo yanagharimu shilingi 200,000 kwa mwaka. Mtoto akiwekwa kundi la kwanza, nyumbani watatafuta 10,000. Akiwekwa kundi la tano, watatafuta 80,000. Kwa mama muuza mboga wa Juja Road, tofauti hiyo ndiyo kusoma au kutosoma.

Je, ni nini kinachomweka mtoto katika kundi? Ni majibu aliyoandika katika fomu: wazazi wako hai au la, wanapata kiasi gani, watoto ni wangapi nyumbani, nani ana ulemavu. Sasa fikirini. Fomu ya namna hii hujazwa kwenye saiba, foleni ni ndefu, mwenye saiba ana haraka. Anauliza, "Mshahara wa mzazi?" Mtoto anaona haya mbele ya watu, anataja kiasi kikubwa kuliko cha kweli. Dakika ile moja inaweza kumgharimu miaka minne. Kwa hiyo tunashauri: majibu yote yaandikwe kwanza kwenye daftari, nyumbani, mzazi akiwepo. Yawe ya kweli na yawe na ushahidi. Ndipo waende kwenye saiba wakinakili tu. Na akiwekwa kundi lisilomfaa asinyamaze. Mwaka 2024 wanafunzi waliruhusiwa kukata rufani.

Mambo mengine matatu ya kukumbuka. Kwanza, asiyeomba hapewi. Kuitwa chuoni na KUCCPS hakumaanishi kwamba pesa zitafuata zenyewe. Pili, katika mpango huu aliyekwenda chuo kikuu cha binafsi anaweza kuomba mkopo, lakini si ufadhili wa serikali. Hilo lifikiriwe wakati wa kuchagua, si baada ya kuripoti. Tatu, mpango wenyewe umefika mahakamani: Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba, na mwaka 2025 Mahakama ya Rufani ikasimamisha uamuzi huo. Kwa hiyo kila mwaka someni tangazo la mwaka huo. Msitegemee habari za mtoto wa jirani aliyeenda chuo miaka mitatu iliyopita.

Na wale ambao hawakupata C+ ya chuo kikuu wasidharauliwe. Vyuo vya ufundi vina kozi za wenye alama za chini pia, na HELB huwakopesha wanafunzi wa vyuo hivyo. Fundi umeme mwenye cheti ni baraka kwa kijiji.

3. Mahali pa kugonga mlango

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hapa Huruma tuko katika eneo bunge la Mathare. Milango iliyo karibu ni hii:

Mfuko wa maendeleo ya eneo bunge, ambao wengi bado wanauita CDF, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2003. Basari zake zimesaidia wanafunzi wengi wa sekondari na wa vyuo. Lakini Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya mfuko huo ya mwaka 2015 haipatani na Katiba, na ikaweka kikomo cha 30 Juni 2026. Kikundi kitume watu wawili ofisini kuuliza: mwaka huu basari inatoka wapi, fomu zinatolewa lini, mwisho ni lini?

Ofisi ya mwakilishi wa wanawake wa kaunti, kupitia mfuko wa NGAAF, imekuwa ikisaidia wanafunzi kutoka familia zisizojiweza.

Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu husaidia karo za wanafunzi wenye ulemavu waliosajiliwa. Kama mtoto hajasajiliwa, hiyo ndiyo kazi ya kwanza.

Chuo chenyewe. Vyuo vingi vina ufadhili wao, lakini hautangazwi mitaani.

Parokia na kanisa, na pia msikiti kwa ndugu zetu Waislamu. Hata pale pasipo na pesa, barua ya kiongozi wa dini ina uzito, maana fomu nyingi za basari zina nafasi ya sahihi yake.

Mashirika makubwa. Mpango wa Mastercard Foundation kwa mfano, ulioanza mwaka 2012, hupitia vyuo maalumu, na kila chuo huwa na masharti yake. Wizara ya Elimu nayo hutangaza nafasi zinazotolewa na serikali za nchi za nje.

Msigonge mlango mmoja mkakaa kungoja. Mtoto aombe sehemu nyingi kadiri anavyostahili.

4. Faili ya mtoto

Kila mtoto wa kidato cha tatu na cha nne awe na faili. Ndani yake ziwemo nakala za cheti cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi, ripoti za shule, barua ya mwalimu mkuu, barua ya chifu, na cheti cha kifo kama mzazi amefariki. Akimaliza shule ziongezwe matokeo ya KCSE, kitambulisho chake, namba ya KRA, picha ndogo, na barua ya kuitwa chuoni.

Cheti cha kuzaliwa kinasumbua wengi, hasa waliozaliwa nyumbani au waliohama kutoka mashambani. Kwa usajili wa kuchelewa, kadi ya kliniki, kadi ya ubatizo na cheti cha shule ya msingi husaidia kama ushahidi. Kazi hiyo huchukua muda mrefu, kwa hiyo isingoje matokeo.

Angalieni pia majina. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema jina moja na shule ina lingine, kosa hilo lirekebishwe kabla ya mtoto kusajiliwa kwa mtihani. Baadaye ni shida kubwa.

Na tusisahau moto. Nyumba za mabati zikishika, karatasi za miaka 18 huisha kwa dakika chache. Nakala moja ya kila faili iwekwe mahali pengine, kwa mfano katika ofisi ya parokia, na picha za karatasi zihifadhiwe kwenye simu ya mtu anayeaminika.

5. Barua inayosomwa

Wafadhili hupokea barua nyingi sana. Nyingi husema hivi: "Mimi ni mtoto maskini sana. Nimeteseka sana. Naomba mnisaidie kwa jina la Mungu." Huenda yote ni kweli, lakini msomaji hajui lolote kuhusu mtoto huyu. Linganisheni na hii:

"Mimi ni wa kwanza kati ya watoto wanne. Tunaishi Madoya, Huruma. Baba alifariki mwaka 2019. Mama huuza mboga, na siku nzuri hupata shilingi 400. Nimesoma shule ya kutwa na nikapata B katika KCSE. Jumamosi zote nilikuwa nikiuza pamoja na mama. Nimeitwa kusomea uuguzi, kwa sababu nilimuuguza baba na nikaona kazi ya wauguzi. Familia na kikundi cha mama wataweza kutoa shilingi 15,000 kwa mwaka. Naomba msaada wa kiasi kinachobaki, kama kilivyo katika barua ya chuo niliyoambatisha."

Barua ya pili ni fupi na haina kilio kingi, lakini ina namba, ina kazi aliyofanya, ina sababu ya kozi, na inaonyesha kwamba nyumbani nao wametia mkono. Mfadhili hupenda kusukuma gari ambalo tayari linasukumwa.

Fomu nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Mtoto aandike kwanza mambo ya kweli kwa lugha anayoijua vizuri, kisha mwalimu amsaidie kuyageuza. Asinakili barua ya mwingine. Wanaozisoma hutambua.

Akiitwa kwa mahojiano, aende na vyeti halisi, afike mapema, na awe ameisoma tena fomu yake mwenyewe. Ataulizwa yaliyomo ndani yake. Asipojua jibu aseme hajui.

6. Wezi wa matumaini

Palipo na shida hapakosi mtu wa kuila. Yuko anayesema ana "mtu ndani" na anataka kitu kidogo. Yuko anayetuma ujumbe wa simu kwamba jina lako limepita, tuma shilingi 1,500 za usajili leo kabla ya saa kumi. Mfadhili wa kweli hakuombi umtumie pesa kwenye simu ili jina lako lipite. Ukipata ujumbe kama huo, nenda ofisini mwenyewe, au piga namba iliyo katika tangazo rasmi.

Jambo lingine tuliseme wazi. Msichana akiambiwa aje peke yake, jioni, hotelini au nyumbani kwa mtu, "kuzungumza juu ya skolashipu", asiende. Mambo ya ufadhili huzungumzwa ofisini, mchana, na mzazi au mwanakikundi akiwa pamoja naye. Ufadhili unaolipwa kwa mwili wa mtoto si ufadhili. Ni uhalifu, na uripotiwe.

7. Kazi ya kikundi

Kidole kimoja hakivunji chawa. Kikundi kinaweza kufanya mambo manne.

Kwanza, kichague mlinzi wa tarehe. Huyu aandike kwenye daftari kila tangazo: nani anatoa, masharti ni yapi, mwisho ni lini. Kila mkutano asome kwa dakika tano.

Pili, kiandike barua ya ushuhuda. Iseme kikundi kinamjua mtoto tangu lini, hali ya nyumbani ikoje, na amefanya nini kwa faida ya wengine. Itiwe sahihi na mwenyekiti na mweka hazina, na namba ya usajili wa kikundi iandikwe. Lakini iwe kweli. Tukimwandikia mtoto wa mwenyekiti mwenye uwezo kwamba ni yatima, tumemnyang'anya yatima. Na barua za kikundi chetu hazitaaminiwa tena.

Tatu, kianzishe mfuko wa kuziba pengo. Wanachama 20 wakitoa shilingi 50 kila wiki, ni shilingi 1,000 kwa wiki na 52,000 kwa mwaka. Hizo haziwezi kusomesha daktari. Lakini zinaweza kulipa sehemu ya familia kwa watoto kadhaa wa kundi la kwanza, au nauli na godoro la kwanza. Pesa hizi zisichanganywe na za meri-go-raundi. Zilipwe moja kwa moja kwa chuo au kwa muuzaji, na risiti isomwe mkutanoni.

Nne, kiamue mapema juu ya mtoto wa asiye mwanachama. Katika kila kijiji kuna mtoto anayeishi na nyanya, au anayelea wadogo zake peke yake, ambaye hana mtu wa kumchangia katika chama chochote. Ndiye mwenye haki zaidi na ndiye husahaulika kwanza. Mtaa wetu unaitwa Huruma. Jina hilo lionekane katika kitabu chetu cha hesabu.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Ni watoto wangapi wa kidato cha tatu na cha nne katika kijiji chetu? Tuandike majina yao wote, wa wanachama na wasio wanachama.
2. Ni wangapi kati yao hawana cheti cha kuzaliwa, na nani ataandamana nao kukitafuta?
3. Je, kuna kijana aliyefaulu miaka iliyopita akabaki nyumbani? Bado anaweza kuomba nini leo?
4. Tutatumia kanuni gani kuchagua nani asaidiwe na mfuko wetu, ili pasiwe na manung'uniko?
5. Kijana akishamaliza masomo na kupata kazi, tungependa afanye nini kwa yule anayemfuata?

Kazi ya mwezi huu: kabla ya mkutano ujao, kila mwanachama afungue faili ya mtoto mmoja. Asiye na mtoto wa umri huo afungue ya mtoto wa jirani. Katika mkutano tutahesabu faili, na tutaona ni karatasi gani zinazokosekana ili tugawane kazi ya kuzitafuta.